Chuo Kilichotufuata Ziwani

Vijana wa leo wakisikia kwamba mtu alikuwa mwalimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, hucheka kabla hajamaliza kujieleza. "Ualimu Pasipo Elimu," husema, na waliowafundisha utani huo ni wazee wa rika langu waliopelekwa vyuoni kwa gari la serikali wakalala kwenye godoro. Siwalaumu sana. Wapo kati yetu waliofundisha kugawanya ubaoni huku wakihesabu vidole nyuma ya mgongo. Lakini mimi nilikuwapo, tena mwambao wa Ziwa Nyasa, mahali ambapo mkufunzi alifika akiwa amebeba baiskeli badala ya baiskeli kumbeba yeye. Na katika umri wangu wote sijaona chuo kingine kilichompokea mwanamke akiwa na mtoto mgongoni, muhogo umelowekwa na mume yuko ziwani, kisha kisimwambie achague kimoja.

Mimi si mzaliwa wa ziwani. Kwetu ni juu, Umatengo, kwenye miteremko ya Mbinga, ambako watu hulima ngoro: wanaume wanafyeka majani na kuyapanga kwa miraba, wanawake wanachimba udongo katikati na kuyafunika, hadi mlima mzima unabaki na mashimo ya kushika maji ya mvua. Nilimaliza darasa la saba mwaka 1970, katika shule iliyokuwa ya misheni hadi serikali ilipozitaifisha shule hizo. Mwaka huohuo Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, nikaona habari hizo ni za wakubwa, hazinihusu.

Nafasi za kidato cha kwanza siku hizo zilikuwa chache mno. Katika wanafunzi kumi wa darasa la saba, mmoja alichaguliwa, tisa walirudi kwao. Darasani kwetu walichaguliwa wavulana wawili. Sisi wengine tuliambiwa kwamba Elimu ya Kujitegemea ilikuwa imetuandaa kuishi kijijini, kwa hiyo twende tukaishi. Kwa msichana maana yake ilikuwa ndoa.

Aliyenioa alikuwa kijana wa ziwani aliyepanda mlima na matenga ya dagaa na mbasa waliokaushwa, akirudi na maharage na mahindi. Biashara hiyo ni ya zamani kuliko barabara. Kwao ni Waanglikana, watoto wa misheni ya UMCA ya Liuli. Kwetu ni Wakatoliki wa Wabenediktini. Baba yangu, Mkatoliki wa kufa na kupona, alikubali mahari mapema kuliko alivyolikubali dhehebu. Palikuwa na vikao vingi. Mwishowe nikateremka.

Miaka iliyofuata nilikaa nyumbani. Nasema "nilikaa" kwa sababu ndivyo tunavyosema, lakini sikumbuki kukaa. Nilijifunza kuloweka muhogo, kuuanika na kuutwanga, kwa kuwa ugali wa ziwani ni wa muhogo. Nilijifunza kuanika dagaa mchangani na kuwageuza kabla jua halijawachoma. Nilizaa. Ziwa lenyewe nililiogopa, na mpaka leo sijui kuogelea. Kitabu sikuwa nacho, ila kalamu haikunitoka mkononi, kwa sababu wanawake wenye waume kwenye mashamba ya mkonge huko Tanga walikuja kwangu niwaandikie barua. Walinilipa samaki. Wengine walinieleza mambo ambayo hawakuwaambia mama zao, halafu wakanisihi niyaandike kwa adabu. Baadaye nilipofundisha uandishi wa barua darasa la nne, nilikuwa na uzoefu kuliko kitabu cha kiada.

Ndiyo maana mwaka 1976 kijiji kilipotakiwa kutoa majina, langu lilitajwa.

Hapa inafaa kueleza kilichokuwa kikitokea nchini. Ada ya shule za msingi ilikuwa imefutwa mwaka 1973. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa Musoma ikaamua kwamba ifikapo Novemba 1977 kila mtoto aliyefikia umri wa kwenda shule awe darasani. Mpango wa awali ulikuwa kufika huko mwaka 1989, kwa hiyo miaka kumi na miwili ilifutwa kwa azimio moja. Wanafunzi wa shule za msingi walikuwa milioni moja na ushei mwaka 1974. Ilipofika 1980 walizidi milioni tatu. Vyuo vya ualimu vilivyokuwapo visingeweza kutoa walimu wa watoto hao wote. Basi serikali ikaamua kuchukua vijana waliomaliza darasa la saba, wafundishe palepale vijijini huku wenyewe wakisomea ualimu kwa miaka mitatu. Walioandikishwa walizidi 40,000. Sijui nchi nyingine iliyothubutu jambo kama hilo kwa haraka kama hiyo, na sijui kama ilikuwa busara. Najua ilivyofika kwetu.

Mkutano wa kijiji ulifanyika mchana, baada ya wavuvi kuamka. Mwenyekiti alisoma masharti: awe amemaliza darasa la saba, awe na tabia njema, awe mkazi wa kijiji. Palitokea kimya, kwa sababu kila mtu alikuwa akihesabu kichwani. Wanaume waliokuwa na darasa la saba walishaondoka: Songea, Tanga, Dar es Salaam, jeshini. Waliobaki na cheti hicho kijijini walikuwa wavulana wachache waliotoka shule juzijuzi na wanawake walioolewa. Hilo waliopanga mambo Musoma nadhani hawakulifikiria, lakini ndivyo mlango ulivyotufungukia.

Mzee mmoja akasimama. "Ndugu Mwenyekiti, huyu ni mke wa mtu, na ananyonyesha. Atafundisha saa ngapi?"

Mama mkwe wangu hakuomba nafasi ya kusema. Alisema akiwa amekaa. "Mtoto nitamshika mimi. Na hiyo posho ipitie mikononi mwangu."

Watu walicheka, mwenyekiti akaandika jina. Wengi hupenda kusimulia mama wakwe wema au mama wakwe wabaya. Wangu alikuwa mtu wa hesabu. Aliona kwamba dagaa wana msimu, lakini mshahara wa serikali hauna. Baba watoto aliporudi kutoka ziwani alikuta jambo limeshaamuliwa na mama yake, akauliza kama kuna ugali.

Mafunzo yalikuwa hivi. Asubuhi tulifundisha darasa la kwanza au la pili, mwalimu mkuu akituangalia. Mchana tulikaa sisi wenyewe kwenye madawati yaleyale tukawa wanafunzi: Kiswahili, hesabu, siasa, na somo la elimu lenyewe, yaani namna mtoto anavyojifunza na namna ya kuandaa somo. Vijitabu vilikuja kwa njia ya ziwa, vingine vimelowa hadi kurasa zimeshikana. Palikuwa na vipindi vya Radio Tanzania Dar es Salaam. Redio ya shule ilikuwa moja, na betri zilipochoka tulizianika juani pamoja na dagaa, zikapata nguvu ya nusu saa nyingine.

Mkufunzi alikuwa na shule kadhaa za kuzungukia. Kutoka kijiji kimoja hadi kingine njia ni mchanga, majabali na mito inayoshuka kutoka milimani, kwa hiyo baiskeli aliyopewa na wizara aliibeba begani sehemu kubwa ya safari. Alifika miguu imeloa, akanywa maji, akaenda kukaa nyuma ya darasa bila kusema neno. Ukimaliza kufundisha anakuita. "Lete andalio la somo." Analisoma, analifunga. "Sasa niambie, katika watoto hawa ni nani ambaye hakuelewa?" Swali hilo lilitutisha kuliko mtihani. Nimefundisha chini ya wakaguzi wengi tangu hapo, wenye magari na fomu ndefu, na wengi wao walitaka kujua nimefundisha nini. Yeye alitaka kujua ni nani hakuelewa.

Darasa langu la kwanza lilikuwa na watoto zaidi ya mia moja, chini ya mwembe, kwa sababu vyumba havikutosha. Umri wao ulianza miaka saba ukafika kwa vijana waliokwisha kujua kuvuta kokoro. Daftari zilikuwa chache, hivyo herufi tuliziandika kwenye mchanga ufukweni, kila mtoto na eneo lake, nami nikipita nyuma na kijiti. Mchanga ni mzuri kwa kazi hiyo: mtoto akikosea anafuta kwa kiganja na hakuna anayejua. Shida ilikuwa mifugo. Miongoni mwao alikuwamo mdogo wake baba watoto, kijana wa miaka kumi na mitatu, aliyeinua mkono akaita, "Shemeji!" Darasa zima likaangua kicheko. Nikamwambia hapa mimi ni mwalimu, shemeji yako yuko nyumbani. Jioni alikuja jikoni akasimama mlangoni akauliza, "Shikamoo mwalimu, shemeji yupo?" Nikampa ugali.

Kalenda ya masomo yangu haikuwa ile ya wizara. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa karabai, kwa hiyo wiki ambazo mwezi haupo wanaume wote wako ziwani na kijiji kimetulia. Wiki za mbalamwezi wako nyumbani: wanashona nyavu, wanakunywa, wanataka kusimuliana, na kila baada ya muda mtu anataka chakula. Mimi nilisoma kwenye giza. Watoto wakilala nilikaa na koroboi, kijitabu juu ya kinu kilichofunikwa. Lakini giza hilohilo lilileta kazi yake, kwa sababu alfajiri mitumbwi ikirudi imejaa, dagaa wanatakiwa kuanikwa jua linapochomoza, na jua linapochomoza kengele ya shule inagongwa. Mke wa mvuvi asiyeonekana mchangani saa hiyo huzungumzwa kijiji kizima.

Tulifanyaje? Mama mkwe alianika fungu langu. Alipochoka tulimlipa jirani kwa kile kilichotoka kwenye posho. Mwalimu mkuu akanihamishia hesabu, somo nililolipenda, kwenye kipindi cha tatu badala ya cha kwanza. Ndivyo kila kitu kilivyokwenda: mzigo wa nyumbani haukupungua hata kidogo, ila uligawanywa upya. Na ungegawanywa tu kwa sababu nilikuwa palepale, hatua mia kadhaa kutoka mlangoni kwangu. Mtoto akilia sana aliletwa darasani, ananyonya nikiwa nimekaa juu ya jiwe, darasa linaimba jedwali la mbili.

Jioni mbili kila wiki tulisomesha watu wazima. Hilo nalipitia haraka kwa kuwa limeandikwa na wengi. Mtihani wa kwanza wa taifa wa kisomo ulifanyika Agosti 1975. Mwaka 1967 watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walikadiriwa kuwa 67 kwa mia; 1977 walikuwa 27. Kwetu wavuvi walikuja kwa sababu moja: kusoma mizani ya wachuuzi waliotoka juu. Walipoweza kuisoma, wengi waliacha kuja.

Mwaka 1977 TANU ikawa CCM, mkutanoni tukabadilisha nyimbo. Mwishoni mwa 1978 Idi Amin aliingia Kagera, vijana wetu wakaenda vitani, na mwaka uliofuata Mwalimu akatuambia tufunge mkanda kwa miezi kumi na minane. Kagera na Nyasa ni ncha mbili za nchi, lakini vita vile vilifika hadi kwenye koroboi yangu. Mafuta ya taa yaliadimika, sabuni vilevile. Usiku wa kusoma ukafa, nikawa nasoma wakati wa kutwanga, kitabu kikiwa kimebanwa kwa jiwe ukutani. Na ziwa nalo, kana kwamba limetumwa, likaanza kupanda. Wanaoishi ukingoni wanakumbuka miaka ya 1979 na 1980: maji yalikula ufukwe, yakaangusha nyumba za mbele, minazi ikabaki imesimama majini. Mchanga niliokuwa nikifundishia herufi ulienda na maji.

Katikati ya hayo tulipata barua: wanachuo wa mwaka wa tatu waende chuoni, bwenini, kwa wiki kadhaa, wamalizie mafunzo na kufanya mtihani. Barua ilisema wazi kwamba watoto wasiletwe.

Mtoto wangu wa tatu alikuwa na miezi minane.

Tulikuwa wanawake wanne wa mwambao wenye watoto wachanga. Mmoja wetu, rafiki yangu wa kijiji cha pili, ndiye aliyekuwa bora kuliko sisi sote. Mkufunzi alimtumia kutusahihishia. Yeye ndiye aliyesema kwamba barua imekataza watoto chuoni, haikukataza watoto karibu na chuo. Tulimtuma mtu mbele, akapanga chumba kwenye nyumba iliyokuwa nje kidogo ya uzio. Ikabaki suala la nani atakaa na watoto wanne. Mama mkwe wangu akafunga kanga, akakusanya dagaa wakavu mafurushi mawili, akasema yeye.

Tulikwenda kwa mtumbwi hadi Mbamba Bay, tukifuata mwambao wote ule, mtoto kifuani, mimi nikiyafumbia macho maji. Mbamba Bay tulingoja lori. Barabara ya kupanda kwenda Mbinga siku hizo ilikuwa ya udongo mwekundu, na lori lilipanda kwa kupumzika. Tuliteremka kwenye miinuko mikali, utingo akaweka gogo nyuma ya gurudumu. Leo lami imefika mpaka Mbamba Bay, kilometa zipatazo 67 kutoka Mbinga, na wajukuu hulala usingizi njia nzima. Mama mkwe alikuwa hajawahi kupanda mlima ule. Alizaliwa ziwani, akasomeshwa madarasa machache na masista wa UMCA, na alikumbuka kwa jina meli ya misheni, Chauncy Maples, ikitia nanga Liuli. Alijua kusoma kitabu cha sala cha Kinyanja. Alitolewa shule siku alipochumbiwa, jambo aliloniambia ndani ya lori lile, kati ya kutapika mara moja na nyingine, bila huzuni yoyote, kama anayetaja bei ya nyavu.

Mbinga tulilala kwa kaka yangu, wilaya ikiwa bado changa na mji wenyewe mtaa mmoja. Kesho yake tukapita Kigonsera, tukaendelea.

Ilikuwa Juni. Baridi ya nyanda za juu mwezi Juni haina huruma kwa mtu wa ziwani. Mama mkwe alivaa kanga zake zote kwa pamoja, akaulaumu ugali wa mahindi, akaulaumu moto wa kuni za mlimani kwamba una moshi mwingi na joto kidogo. Lakini watoto wanne aliwaweka sawa. Saa nne, wakati wa chai, sisi wanne tulitoka kwa nyuma, tukapenya kwenye mahindi, tukanyonyesha tumesimama mstari, tukarudi tukiwa na makombo ya majani kwenye nywele. Saa saba tena. Matroni wa chuo alituona mapema sana. Nadhani siku ya pili tu. Hakusema. Siku moja alinipita njiani akaniambia, bila kunitazama, "Mwalimu, kanga yako imelowa kifuani, badilisha kabla ya kipindi." Na mama mkwe hakupoteza muda: dagaa wa mafurushi yale mawili aliwauza kwa wakufunzi na wake zao, kopo kwa kopo, na faida yake ndiyo iliyolipia chumba. Mkuu wa chuo alikuwa mteja wake mkubwa. Kwa hiyo nikisikia kwamba utawala haukujua habari za watoto wale, huwa nanyamaza.

Tulifaulu wote wanne. Tukapata cheti cha daraja la C.

Ningeweza kuacha hapa, na wasimulizi wengi wa UPE huishia hapo. Lakini miaka ilipita, na herufi ile C ikageuka kitu kingine. Katikati ya miaka ya themanini michango ya shule ilirudi, watoto wakapungua madarasani, na ubora ukawa ndio wimbo mpya. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 ikataka mwalimu wa shule ya msingi awe wa daraja la A, na msingi wa daraja la A ni kidato cha nne. Mtu wa darasa la saba kama mimi alitakiwa aanze kwa Mtihani wa Maarifa (QT), kisha mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa binafsi, kisha chuoni, bwenini. Nilikuwa na miaka arobaini. Nilikuwa nimefundisha watu ambao sasa walikuwa walimu wa daraja la A na walinipita kwa mshahara.

Nilisoma tena, safari hii kwa vitabu vya kuazima kutoka kwa wanafunzi wa sekondari, wajukuu wa wale niliowaandikia barua. Mitihani nilifanyia Mbinga. Ada yote ilitoka mfukoni. Kaka yangu aliyenisaidia mara ya kwanza hakuweza mara hii: mkataba wa dunia wa kugawana soko la kahawa ulivunjika mwaka 1989, bei ikaporomoka, na Umatengo watu wakaanza kuuliza kama mibuni ing'olewe. Nilifeli hesabu, nikarudia, nikafaulu. Mwishoni mwa miaka ya tisini nikaingia chuoni kwa daraja la A, nikiwa na watoto wakubwa na mama mkwe amekwisha kufariki.

Sitasema chuo cha pili hakikunifaa; huo ungekuwa uongo. Ni huko nilikoelewa kwa mara ya kwanza kwa nini ukigawanya kwa sehemu unageuza na kuzidisha. Miaka ishirini nilikuwa nimewaambia watoto "geuza, zidisha" kwa sababu kijitabu kilisema hivyo. Mkufunzi kijana, umri wa mwanangu wa pili, alichora mstari ubaoni akaugawa nusu nusu, nikasikia kitu kinafunguka kichwani. Wasichana wa bwenini waliniita Bibi, wakanipa kitanda cha chini. Walinifundisha kutumia kamusi ya Kiingereza. Mimi niliwafundisha kuandaa somo kwa robo saa. Tulipokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha (BTP), wao walitetemeka mbele ya watoto, mimi nilitetemeka mbele ya karatasi za tathmini.

Lakini nitazame waliokuwa nami. Darasani mwetu wanawake waliotoka UPE tulihesabika kwa mkono mmoja. Wanaume walikuwa wengi. Haikuwa akili. Rafiki yangu yule, aliyetusahihishia kazi na kuivumbua njia ya mahindini, hakuja. Mume wake alikufa katika miaka ile ambayo mazishi yalikuwa kila wiki, halafu dada yake, na nyumbani kwake kukawa na yatima watano wa kulea juu ya wake mwenyewe. QT alifaulu kabla yangu. Cha nne alifaulu mara moja, hesabu na yote. Barua ya kujiunga na chuo aliipata. Ilimtaka aripoti bwenini tarehe fulani, kwa miaka miwili, na watoto wanane nyumbani. Aliiweka ndani ya Biblia akaenda kuanika muhogo. Alistaafu akiwa na C.

Wataalamu watanijibu kwamba haikuwezekana kuendelea na walimu waliosomea chini ya mwembe. Sawa. Mwaka 2002, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ulipofuta michango na madarasa yakafurika tena, nilikuwa mmoja wa waliodai kwamba safari hii tusiokoteze walimu. Ninachokataa ni kusema kwamba njia ya kwanza ilikuwa ya kijinga na ya pili ya kisomi. Ya kwanza ilikuwa na masomo hafifu na mlango mpana. Ya pili ilikuwa na masomo mazuri, na mlango wake ulipitika kwa mtu asiye na wa kumlea, au mwenye mtu wa kumlelea. Hakuna aliyekaa akajaribu kuweka masomo ya pili kwenye mlango wa kwanza, ingawa redio zilikuwapo, na baiskeli, na baadaye simu.

Sasa ni wilaya ya Nyasa, tangu 2012, na Mbinga tunaiita ya jirani. Mimi nimestaafu siku nyingi. Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba wasichana waliokatishwa masomo, pamoja na waliopata ujauzito, waruhusiwe kurudi shuleni. Miaka minne kabla yake kauli ya nchi ilikuwa kinyume kabisa. Kwenye mkutano wa wazazi wa sekondari moja ya kata hapa kwetu, mwalimu aliusoma waraka vizuri, watu wakapiga makofi. Nikainua mkono nikauliza mtoto atakaa wapi mama yake akiwa darasani. Mwalimu, kijana mwungwana, akanijibu, "Bibi, hilo ni la familia."

Nikawasimulia habari ya mahindi. Walicheka sana, hasa akina mama. Halafu mmoja wao, ambaye binti yake alikuwa nyumbani na mtoto wa miezi mitano, akauliza kama eneo la nje ya uzio wa shule lina mwenyewe. Lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa amekaa hapohapo mkutanoni, akabanwa mpaka akakubali. Wazazi wakachanga tofali, wavuvi wakatoa mchanga na mtumbwi wa kuubebea. Chumba kimefika kwenye lenta. Mabati bado, na wasichana wawili wameanza kurudi darasani bila kusubiri paa, watoto wakikaa chini ya mti. Anayekaa nao ni rafiki yangu wa daraja la C. Anataka alipwe kwa mwezi, kwa pesa taslimu, siyo samaki. Kamati imempa nusu, na wiki ijayo tunakutana tena kuhusu nusu iliyobaki.